Mkanda Usiozungushwa

Kila siku saa kumi alasiri, nikishatoka kufundisha shuleni na kunawa chaki, Twalibu alinivika kamba ya kamera yake shingoni. Alifanya hivyo bila kunigusa. Aliishika kamba kwa ncha za vidole, akaipitisha juu ya mtandio wangu, akangoja niuweke sawa, ndipo akaiachia. Kisha alisema, "Haya, Mwalimu. Mwanga ni wako." Nami nilijibu, "Ahsante," kwa sauti ambayo sidhani kama aliwahi kuisikia.

Siku kumi na mbili niliishi kwa ajili ya dakika hiyo moja.

Tulikuwa watu tisa wa kujitolea, tunajifunza kupiga picha katika darasa la kisomo cha watu wazima pale mtaa wa Mtendeni. Mwaka uliotangulia watu wa Tabora waliandamana wakalowa mvua, wakaimba mpaka sauti zikakauka, na gazeti likatoa picha za Dar es Salaam peke yake. Sasa ilikuwa Machi 1968, na Jumamosi kungekuwa na maandamano mengine, ya kuwalaani walowezi wa Rodesia. Twalibu, fundi picha katika studio ya mjomba wake, aliiambia kamati ya vijana kwamba safari hii hatuwezi kungoja mpiga picha wa kutoka pwani. Angetufundisha sisi.

Kamera zilikuwa tano, kwa hiyo tulifanya kazi wawili wawili. Mmoja alipiga. Mwenzake alisema "Zungusha," akachungulia kidirisha chekundu nyuma ya kamera mpaka namba inayofuata itokee, kisha akaandika kwenye daftari. Mkanda mmoja ulikuwa na picha nane tu, na mikanda ilikuwa adimu. Mtu akisahau kuzungusha, picha mbili zingekaa mahali pamoja na zote mbili zingeharibika. Watu tisa hawagawanyiki kwa mbili. Mimi nilibaki bila mwenzangu, na mwenzangu akawa Twalibu.

Siku ya kumi na tatu alikuwa ameshaishika kamba, nami nimeshainamisha kichwa, mlango ukagongwa.

"Hodi jamani. Hapa ndipo wanapofundisha kupiga picha?"

Alikuwa msichana mrefu wa rangi ya maji ya kunde, ana baiskeli mkononi na matope mpaka magotini, anacheka kabla hajakaribishwa. Twalibu akageuka, na kamba akaenda nayo.

"Ndipo. Karibu, ndugu."

"Naitwa Koleta. Kwetu Nzega, ila nakaa kwa shangazi yangu kule Itetemia. Nimechelewa siku ngapi?"

"Kumi na mbili," akasema Limbu, kijana wa karakana ya reli, ambaye hajawahi kuacha maneno yampite. "Lakini ukicheka hivyo kila siku, tutakusamehe kumi."

Watu wakacheka. Twalibu naye akacheka. Nilikuwa bado nimeinamisha kichwa kama mbuzi anayengoja kufungwa.

Sasa tulikuwa kumi. Nilijua kitakachofuata, nikajitayarisha: mimi na Koleta, wasichana wawili, kamera moja. Ningekosa ile dakika yangu, lakini Twalibu naye angebaki bila mtu. Hilo lingenitosha.

Twalibu alikwenda kabatini, akarudi na kamera kuukuu ya boksi kutoka studio ya mjomba wake, akaniwekea juu ya dawati. Hakunivika.

"Mwalimu Mwanahawa atafanya kazi peke yake. Koleta atakuwa na mimi."

Limbu akakunja uso. "Kwani wasichana hawa wawili wasikae pamoja, fundi wetu? Si ndiyo hesabu inavyokubali?"

"Mwanahawa hahitaji mtu," akasema Twalibu. Aliyasema maneno hayo akitazama dirisha.

Nilichukua ile kamera ya boksi. Ilikuwa nzito na ilinuka kabati. Nyuma yangu nilimsikia Koleta akisema, "Hii kamba nifanyeje?" na Twalibu akijibu, "Inamisha kichwa."

*

Nyumbani hali haikuwa nyepesi. Ndani ya kabati la mama, chini ya kanga mpya, ilikuwa imelala barua ya posa kutoka kwa akina Abasi. Abasi alikuwa na duka Kigwa, karibu kabisa na stesheni. Sikuwa na neno baya la kusema juu yake. Nilikuwa nimemwona mara mbili, na mara zote alikuwa anakula.

Baba yangu, mzee Shomari, alikuwa fundi cherehani, mtu mpole asiyependa kuzungumza na binti yake mambo ya namna hiyo. Alimtuma mama aniulize. Mama aliniuliza mara ya kwanza, nikatazama chini. Akaniuliza mara ya pili, nikaendelea kuchambua mchele. Kwetu msichana haulizwi zaidi ya mara tatu. Akinyamaza mara zote tatu, amekubali. Kukubali kwa mdomo kungeonekana utovu wa adabu, na kukataa kungehitaji ulimi ambao mimi sikupewa.

"Jumapili baba yako ataandika majibu," mama aliniambia Alhamisi, siku mbili kabla ya maandamano. "Kuna mtu anapanda treni ya mchana kwenda Kigwa. Sijakuuliza mara ya tatu, mwanangu. Ninakupa nafasi."

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, nimesikia."

Nilikuwa na sababu yangu ya kunyamaza, na sikuweza kumwambia mtu. Nilikuwa nangoja barua nyingine. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba mtu anayeishika kamba kwa uangalifu namna ile, siku moja atamtuma mjomba wake barazani kwetu. Tangu Koleta aingie, Twalibu hakuniambia zaidi ya "Mwanga unatosha?" na "Usiegemee ukuta." Kwa Koleta alikuwa na maneno mengi. Alimwonyesha namna ya kubana viwiko mbavuni. Alimwambia ashushe pumzi kabla ya kubonyeza. Mimi nilifundishwa hayo hayo, na nilidhani kwamba pumzi ile ilikuwa siri yetu wawili.

*

Jumamosi asubuhi Twalibu alitupanga. Nilipewa kibaraza cha juu cha ghorofa moja kwenye kona ya barabara ya stesheni.

"Hapa ndipo pazuri kuliko kote," aliniambia akiwa chini ya ngazi, hakupanda. "Wanawake wa Mtendeni watapita hapa na bango lao. Hawajawahi kuandamana. Nataka wakati ule wanapokata kona, bango limenyooka, nyuso zote zinaonekana. Hakuna mwingine atakayeipata picha hiyo. Namba ngapi umebakiza?"

"Nane. Sijaanza."

"Vizuri." Akasita. "Vizuri, Mwalimu."

Kisha Koleta akamwita kutoka barabarani, akaenda.

Nilipiga namba moja, nikazungusha, nikaandika. Vijana wa shule. Namba mbili, nikazungusha, nikaandika. Wafanyakazi wa reli, Limbu katikati yao na kamera shingoni, anaimba badala ya kupiga. Namba tatu. Mvua nyepesi ikaanza, watu hawakujali. Ngoma zilikuwa zinakaribia, na kwa mbali niliuona weupe wa lile bango la wanawake, na upande wa kushoto, ameshika mti wa kulibebea kwa mikono miwili, mama yangu mzazi. Mama ambaye hajawahi kupaza sauti hata sokoni.

Nilikuwa tayari. Namba nne ilikuwa katikati ya kidirisha. Nikabana viwiko.

Ndipo nikawaona. Twalibu na Koleta walikuwa wanatembea kinyumenyume mbele ya maandamano. Tope lilimrukia Twalibu shavuni. Koleta akacheka, akavuta ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akamfuta. Alimfuta taratibu, kama mtu afutaye sahani anayoipenda. Twalibu akasimama, akamwachia uso.

Sijui kwa nini nilibonyeza. Labda nilitaka ushahidi wa kujiumiza nao.

Nilipopata fahamu bango lilikuwa limeshakata kona. Nyuso zote zilikuwa juu, mama amefungua kinywa anaimba. Nikabonyeza tena. Kidole kilifanya kazi yake. Lakini hapakuwa na mtu ubavuni mwangu wa kuniambia "Zungusha."

*

Alasiri ile ile tulikusanyika studio. Twalibu alikuwa amesafisha mikanda yote, na picha zilikuwa zinaning'inia kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, zinachuruzika maji. Tulikuwa tuchague sita za kupeleka Dar es Salaam kwa treni ya Jumapili usiku. Limbu alipita mbele ya kila picha akitoa hukumu.

"Hii nzuri. Hii kichwa hakina mwenyewe. Hii sijui ni Rodesia au ni mvua." Akafika kwenye zangu. Akanyamaza, jambo ambalo lilinitisha. Kisha akasema polepole, "Hebu njooni mwone. Fundi wetu amepanda juu ya bango."

Wote wakasogea. Nilikuwa mtu wa mwisho kuona. Bango lilikuwepo, jeupe, na wanawake walikuwepo, kama watu walio nyuma ya pazia. Na juu yao, wakubwa na wazi, walikuwa Twalibu na Koleta, kitambaa kikiwa shavuni. Maneno ya bango yalipita katikati ya vifua vyao.

"Kumbe ndiyo maana hatukupata picha ya akina mama," akasema mtu mmoja.

"Akina mama wapo," akasema Limbu. "Wamefanywa kitanda."

Watu wakacheka. Koleta hakucheka. Alinitazama mimi, kisha picha, kisha mimi tena.

Twalibu aliibandua picha kutoka kwenye kibanio. Uso wake ulikuwa mgumu.

"Nilikupa kona ile kwa sababu nilijua wewe husahau kamwe," alisema. "Wanawake wale hawatatembea tena kwa ajili yetu. Ulikuwa unatazama nini, Mwanahawa?"

Watu tisa walingoja jibu langu. Jibu lilikuwa mkononi mwake, jeusi na jeupe, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa halioni. Niliichukua ile picha vidoleni mwake, ikiwa bado imelowa, nikatoka.

Koleta alinikuta nje, anasukuma baiskeli yake.

"Mwalimu, simama. Sikimbizani na mtu mwenye sketi ndefu kuliko yangu."

Nikasimama.

"Mimi ni mtu wa shamba, sijui kuzungukazunguka," alisema. "Nimeiona picha. Twalibu ananipendeza. Tena sana. Nilipomfuta tope sikuwa nafuta tope. Sasa nakuuliza mara moja tu: una haja naye?"

Nilitazama tairi la baiskeli yake.

"Unaona," akasema, bila ubaya. "Ukisema una haja naye, nitarudi Itetemia nilie siku mbili, basi. Ukisema huna, nitamtaka mbele ya macho yako. Lakini ukininyamazia, mwenzangu, nitajuaje? Mimi si malaika." Akapanda baiskeli. "Kesho jioni ninarudi pale studio. Usiniambie baadaye kwamba sikuuliza."

*

Asubuhi ya Jumapili mama alikuwa amekaa ukumbini, ameinyanyua ile picha mbele ya dirisha. Nilikuwa nimeisahau juu ya daftari zangu.

"Huyu ni mimi," alisema. "Kanga yangu naijua."

"Ndiyo, mama. Nisamehe. Imeharibika."

"Na huyu aliyenikalia kifuani ni nani?"

Mama aliigeuza picha huku na huku, kama anayekagua kitambaa kama kina tundu.

"Ni mpwa wa mzee wa studio," alijijibu mwenyewe. "Na huyu binti anayemfuta, wewe humpendi."

"Hajanikosea, mama."

"Sikuuliza kama amekukosea." Akaiweka picha mapajani. "Baba yako yuko barazani. Amekwisha omba karatasi, anatafuta kalamu yenye wino. Mimi nakuuliza mara ya tatu, Mwanahawa, na nakuomba usitazame chini. Abasi unamtaka?"

Nilitazama chini.

Mama akavuta pumzi. "Mimi niliulizwa hivi hivi. Nikanyamaza mara tatu, wakapiga vigelegele."

"Hukumtaka baba?"

"Nilikuwa namwogopa babu yako. Baba yako nilimtaka baadaye, alipoanza kunishonea." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Mimi nilibahatika. Sitaki kukuoza kwa bahati. Jana nimetembea nusu ya mji huu napiga kelele kwa ajili ya watu nisiowajua. Nirudi nyumbani ninyamaze juu yako? Nenda. Nitamwambia baba yako kalamu ile haina wino. Itachukua kama saa moja kutafuta nyingine."

Sikumbuki nilivyovaa viatu.

*

Studio ilikuwa wazi nusu. Twalibu alikuwa peke yake ukumbini, anakata kingo za zile picha sita kwa mkasi. Aliponiona aliacha kukata.

"Mwalimu. Jana nilikusemesha vibaya mbele za watu. Nilitaka kuja kukuomba radhi, nikaona haifai kuja kwenu."

"Kwa nini haifai?"

Alishangaa. Nadhani hakuwahi kunisikia nikiuliza kitu.

"Nyumba yenye posa haiendwi ovyo," akasema. "Mji huu ni mdogo. Nimesikia kuna barua ya Kigwa kwenu, na kwamba umeulizwa." Akaendelea kukata, ingawa hapakuwa na kitu cha kukata. "Wakasema umenyamaza. Basi nikajua."

"Ukajua nini?"

"Wewe ni binti wa Mtendeni, mimi ni mtu wa Mtendeni. Kunyamaza najua maana yake."

Nikashika kiti. "Ulisikia lini?"

"Asubuhi ya siku ile alipokuja Koleta. Nikaona si heshima kuendelea kukuvika kamba, wewe ukiwa mke wa mtu kesho. Ningekuweka na Koleta, ningelazimika kuja kuwafundisha wote wawili, kila siku, karibu karibu. Sikuweza. Kwa hiyo nikakuweka peke yako, mbali, mahali ambapo ningekuona tu nikiinua macho." Sauti yake ikashuka. "Nikasema huhitaji mtu. Nilimaanisha unaye tayari."

"Na Koleta?"

"Koleta ni mwanafunzi."

"Alikufuta uso."

"Alinifuta."

"Ukamwachia."

Twalibu akaweka mkasi chini. "Nilikuwa nimeinua macho. Nilikuona juu kule, kamera imenielekea usoni, nikadhani unanitazama. Sikusikia hata alichokuwa anafanya. Halafu nikajiambia, Twalibu, acha ujinga, anatazama bango."

Nje treni ilipiga honi stesheni, ikirudishwa nyuma kufungwa mabehewa. Nilifikiri juu ya yule msafiri wa Kigwa akisimama na tiketi yake, na mama akificha kalamu za nyumba nzima, na Koleta aliyenyoosha swali lake kama mtu anyooshaye mkono. Kila mtu alikuwa ameuliza. Nikakisukuma kile kiti pembeni; nilijua nikikaa sitasema.

"Sikutazama bango," nikasema. "Mama yangu alikuwa amelishika, na sikulitazama. Nilikuwa nakutazama wewe."

"Mwanahawa..."

"Ngoja. Nikikatizwa sitaweza tena. Nina wivu, Twalibu. Nimekuwa na wivu siku zote hizi, mpaka chakula kimenikataa. Nilimwonea wivu Koleta kwa ile kamba, kwa ile pumzi uliyomwambia ashushe, kwa lile tope. Kunyamaza kwangu hakukuwa ndiyo. Abasi sijamkubali, wala Mungu akinijalia sitamkubali. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nangoja barua yako, na wewe hukuandika."

Alikuja mpaka upande wangu wa meza, akasimama mkono mmoja kutoka kwangu, asijue mikono yake aiweke wapi. Alifungua mdomo.

"Usinijibu mimi," nikasema. "Nakupenda, hilo nimekwisha kulisema, na halirudi. Kama nawe unanipenda, mwamshe mjomba wako avae kanzu, mkamjibu baba. Yuko barazani anatafuta kalamu."